Futi Shingoni

Miaka thelathini na mmoja, soko la Kibuye,
futi shingoni, chaki sikioni,
sijamshonea mtu gauni kwa kumkisia.
Hata pacha wa Nyamasaria, Apiyo na Adongo,
waliokuja wakicheka, "Pima mmoja, mama, inatosha,"
niliwapima wote wawili.
Bega la kushoto la Adongo limeshuka kidogo:
utotoni yeye alibeba maji, mwenzake alibeba mtoto.

Basi niambieni,
mimi Penina Awino, mwenye jicho hilo,
niliwezaje kuvaa chakula cha mtu mwingine?

Sukari ilipopanda,
kila mteja aliniachia ushauri juu ya kitambaa chake.
Mama Seline: acha ugali kabisa, ugali ni adui.
Mke wa kasisi: ndimu na kitunguu saumu, kabla hujapiga mswaki.
Mwanangu Ochola alinitumia picha kutoka Eldoret,
samaki nisiyemjua, juu ya majani yasiyoota huku.
Na kijana mmoja wa koti jeupe pale steji,
aliyejiita daktari wa lishe,
akaniuzia unga wa kijani, mkebe elfu mbili na mia tano.
Nilimuuliza alisomea wapi.
Akanionyesha koti.
Makoti hayo nayashona mimi. Mia nane, vifungo mbali.

Nikanunua hata hivyo.
Hofu haijui kupatana bei.

Lakini kilichoniangusha ni avokado.
Wifi yangu Akeyo alipungua kilo tisa
kwa avokado, nduma na mchicha,
sukari yake ikatulia kama maji mtungini.
Nikamfuata hatua kwa hatua, asubuhi na jioni.
Mwezi wa pili vidole vikafa ganzi,
moyo ukaanza kuruka mishono.
Hospitalini wakasema: figo zako zimechoka, mama,
potasiamu imejaa damuni.
Figo za Akeyo hazijachoka.
Tofauti ni hiyo tu,
na haikuonekana kwa macho, hata haya yangu.

Ndipo wakanipeleka kwa Bi. Ayuma, chumba cha tatu.
Cheti ukutani, leseni kando yake.
Nilivisoma vyote, mara mbili, na yeye akaningoja.
Nilitarajia karatasi. Nikapewa maswali.
Dawa zipi, unazimeza kabla au baada ya kula?
Wapika kwa mkaa au kwa gesi?
Nani hula nawe?
Siku ambayo soko limelala, jioni hununua nini?
Hilo la mwisho lilinitoa machozi.
Wote walionishauri, hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Jumatatu," akasema, "njoo na sahani yako. Ile ile."

Nikaibeba, ya bati, ya buluu, imebambuka ukingoni,
kikapuni pamoja na mwiko,
nikiona haya njiani kama mtu anayehama.
Akaipima. Kwa rula, haki ya Mungu!
Ugali hakuufukuza.
Aliukata kama mimi nikatavyo pindo: hadi hapa.
Ukubwa wa ngumi, na ngumi yenyewe ni yangu.
Sukuma ichemshwe, maji ya kwanza yamwagwe.
Omena kiasi fulani
ambacho sitakitaja hapa,
kwa kuwa kimekatwa kwa mwili wangu.

Nirudi baada ya wiki nne, aseme tena.
Sikubisha. Gauni la harusi hujaribiwa mara tatu,
na bibi harusi ni mwenye miaka ishirini.

Sasa wananijia cherehanini:
"Penina, umenawiri! Nipe na mimi hiyo orodha."
Naitoa futi shingoni, nawazungushia kiunoni,
naandika namba zao kwenye daftari.
Gauni nitakushonea, Ijumaa liko tayari.
Chakula, nenda Alhamisi, chumba cha tatu,
foleni huanza saa mbili.
Beba sahani yako.
Usiazime.